Daftari la Grace Abbott

Karatasi ya kukagua nyumba ya wakimbizi wapya ilikuwa na visanduku vya kutia alama ya vema. Vitanda, viti, sufuria, vijiko, taulo, sabuni, balbu, king'ora cha moshi. Msimamizi wa kesi wa shirika la kupokea wakimbizi alisoma kwa Kiingereza, mimi mkalimani nikamgeuzia mama kwa Kiswahili, naye akaitikia "ndiyo" kila mara, hata nilipomuuliza kama anajua king'ora cha moshi kina kazi gani. Walikuwa watu saba kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wameingia usiku wa kuamkia siku hiyo na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za bluu za IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao kila aliyepita kwenye mchakato anaujua. Mfuko huo una eksirei, una karatasi zote za kesi, haukabidhiwi mtoto. Mama hakuuweka chini hata alipokuwa anaoneshwa namna ya kuwasha jiko. Dereva wa ofisi, Mkongo aliyetangulia kufika Marekani miaka kadhaa kabla yao, alikuwa akipandisha godoro ngazini huku akiwatania watoto. Karatasi ilipokwisha mama akatia sahihi. Tulikuwa tumehesabu mpaka vijiko.

Miezi mitano baadaye nikakutana na yule mama dukani. Binti yake mkubwa, wa miaka 19, alikuwa ameondoka. Kuna "dada mmoja" alimpigia simu akamwambia kuna kazi ya kiwanda cha nyama jimbo jingine, nauli atakatwa kwenye mshahara. Wiki mbili za kwanza walizungumza kila siku. "Sasa simu yake haiingii tena, papa," mama akaniambia.

Nikaenda kuuliza ofisini. Jibu nililopewa halikuwa la ukatili, na ndiyo maana lilinikaa. Kesi ilishafungwa. Siku 90 za huduma ya mwanzo zilikwisha, binti ni mtu mzima, na alipoondoka alikuwa amepata ajira. Kwa vitabu vya ofisi ile, yule binti alikuwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Wamarekani wameirefusha mpaka siku 90, si haba. Lakini mwenyeji anayekupa jembe kwa kawaida anajua unaelekea shamba gani, na jioni usiporudi atauliza.

Nimemsoma Grace Abbott, yule Mmarekani wa karne iliyopita, kwa muda mrefu, na kila nikimrudia naona amewekwa kwenye rafu isiyo yake. Wanaomkumbuka, nao si wengi, humkumbuka kama mtetezi wa watoto na wajawazito huko Washington. Kweli alikuwa huyo. Ila kabla ya hapo karibu miaka kumi aliimalizia kwa wahamiaji wa Chicago, wale waliokuwa wakishushwa stesheni bila mwenyeji, na dai langu ni kwamba hata alipopewa ofisi kubwa serikalini hakuwahi kuondoka stesheni. Alibadilisha aina ya watu aliowaandika, lakini daftari lilikuwa lile lile: majina ya watu wanaotakiwa kufika mahali, na mbele ya kila jina swali moja. Kafika?

Alizaliwa mwaka 1878 Grand Island, mji mdogo wa reli katika Nebraska, binti wa wakili aliyewahi kuwa naibu gavana wa kwanza wa jimbo hilo na mama aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Alifundisha sekondari kwa miaka kadhaa. Hakuna kitu katika maisha yake mpaka anakaribia miaka 30 kinachokuambia kwamba huyu atasumbua makampuni ya reli. Mwaka 1907 akahamia Chicago kusoma sayansi ya siasa, na mwaka uliofuata akawa mkazi wa Hull House, ile nyumba ya mtaa wa Halsted ambayo Jane Addams na Ellen Gates Starr waliifungua mwaka 1889 wakaishi katikati ya Waitalia, Wagiriki, Wayahudi wa Urusi na Wabohemia. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Chicago wakati ule walikuwa wamezaliwa ng'ambo.

Mwaka huo huo wa 1908 watu wa Hull House na wenzao wa chuo kikuu, akiwamo Sophonisba Breckinridge na jaji Julian Mack, wakaanzisha Immigrants' Protective League, chama cha kulinda wahamiaji, ambacho hapa nitakiita Ligi tu. Wakampa Abbott aiongoze. Hakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Wala hakukuwa na mtu mwenye uzoefu huo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Fikiria safari ilivyokuwa. Ellis Island, mlango wa New York, palikuwa na madaktari, makarani, wakaguzi, wakalimani. Serikali ya Marekani ilimkagua mgeni kuanzia macho hadi mfukoni. Ikishamwambia "pita", basi. Imemaliza. Kuanzia hapo mgeni alikuwa mzigo wa makampuni ya reli, nayo makampuni yalikuwa yamekubaliana kugawana abiria wahamiaji, kwa hiyo mtu aliyekuwa anakwenda Chicago angeweza kushtukia amepakiwa meli kuelekea Norfolk, Virginia, kusini kabisa, ndipo aanze kupanda treni kurudi kaskazini magharibi. Safari ya siku moja ikawa ya siku kadhaa, ndani ya mabehewa duni, bila mtu wa kumweleza kwa nini. Nduguze Chicago walikwenda kumpokea siku waliyodhani atafika, hawakumkuta, wakarudi nyumbani. Yeye akaja kuteremka usiku wa siku nyingine, ana kikaratasi chenye anwani aliyoandikiwa na binamu yake kijijini.

Nje ya stesheni ya Dearborn walimngojea wenye magari ya farasi. Bei ilikuwa ile inayosomeka usoni mwa abiria. Wengine walizungushwa mji mzima kufikishwa mtaa wa jirani, wengine wakateremshwa mahali ambapo hapakuwa na anwani kama ile.

Ligi ikapata chumba cha kungojea karibu na stesheni hiyo. Watumishi wake waliingia kwenye treni zilizokuwa zinafika, wakakusanya wageni, wakawasemesha kwa lugha zao, wakapiga simu kwa ndugu, wakapatana nauli kabla gari halijaondoka. Hapo ndipo wengi wetu tungeishia. Chumba kina moto, kuna chai, kuna mtu anayejua Kipolandi, picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti ya mwaka kwa wafadhili. Abbott aliona chumba kile ni bandeji. Kilichomsumbua ni orodha.

Ligi ilikuwa ikipelekewa kutoka Ellis Island majina ya wanawake na wasichana waliosafiri peke yao kuja Chicago, pamoja na anwani walizosema wanakwenda. Wanawake waliojua lugha za wageni hao wakatumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta. Wengi walikutwa salama, wamejibana na shangazi na wapangaji wanne katika vyumba viwili, wameshaanza kazi. Wengine anwani ilikuwa ya baa. Wengine nyumba ilikuwapo ila hakuna aliyewahi kusikia jina lile. Na wengine hawakupatikana kabisa, si wiki ile wala mwaka ule.

Taasisi ya kawaida huandika katika ripoti yake idadi ya wasichana waliotembelewa. Abbott aliandika pia wasiopatikana, akapeleka idadi hiyo mbele ya wabunge na kwenye magazeti kama hati ya mashtaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: serikali iliyo na uwezo wa kumvua mtu kofia imchunguze kichwa inao pia uwezo wa kujua kama alifika kule ilikomruhusu kwenda. Kama haijui, imechagua kutojua. Kwangu hapo ndipo penye kiini cha uongozi wake. Wengi huongoza kwa wale waliowasaidia, kwa shukrani zao na picha zao. Yeye aliongoza kwa wale aliowakosa.

Na ukishaanza kuuliza fulani yuko wapi, swali la pili linakuja lenyewe: nani amefaidika kwa yeye kutojulikana alipo? Hilo lilimpeleka kwa mawakala wa ajira. Novemba 1908, kabla hajamaliza hata mwaka mmoja kazini, alichapisha katika American Journal of Sociology uchunguzi wake juu ya mawakala wa Chicago na wafanyakazi wahamiaji. Alikuwa amewazungukia zaidi ya mia moja. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: wakala anachukua ada kwa kundi la wanaume wasiojua Kiingereza, anawapakia kwenda kujenga reli majimbo ya mbali, huko kazi ama haipo ama ni ya siku chache. Wakala na msimamizi wa kule wamegawana ada, kwa hiyo msimamizi ana sababu nzuri ya kuwafukuza haraka, waje wengine wenye ada mpya. Waliofukuzwa walijirudisha Chicago kwa miguu, wakifuata reli, tena reli ile ile waliyoilipia ada waijenge. Msomaji wa Mombasa au Kampala aliyewahi kusikiliza wakala akisifia kazi ya Riyadh hahitaji nimtafsirie zaidi. Mwaka 1909 Illinois, jimbo la Chicago, ikakaza sheria ya mawakala.

Mwaka 1911 akafunga safari kwenda Austria-Hungaria na nchi za jirani kutazama wanakotoka watu wake. Siku hizi ziara kama hizo ni za kawaida. Mkurugenzi anatua kambini na mpiga picha, anapewa ngoma, anaondoka kesho yake. Yeye alirudi na kitu cha kutumia. Januari 1912 akasimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani kupinga mtihani wa kusoma uliotaka kuwekwa kwa wahamiaji, akisema kutojua kusoma kunapima nafasi aliyopewa mtu, hakupimi akili wala tabia yake. Alikuwa amewaona watu hao kwao, mashamba yao na shule ambazo hazikuwapo. Miaka mitano baadaye bunge likaupitisha mtihani huo hivyo hivyo, likipuuza kura ya turufu ya rais Wilson.

Alishindwa mara nyingi. Nalisema hili kwa sababu wasifu wa viongozi wa namna yake huandikwa kama ngazi, cheo juu ya cheo, na ukiusoma hivyo hutaelewa kwa nini alihama alipohama.

Mwaka 1917 alikwenda Washington kusimamia sheria ya kwanza ya taifa ya kuzuia ajira ya watoto. Nini kilikuwa tatizo kubwa la sheria ile? Umri. Majimbo mengi, hasa ya kusini, hayakuwa yanaandikisha vizazi, kwa hiyo mwenye kiwanda cha nguo alisema mtoto ana miaka 14, mzazi mwenye njaa akakubali, na hakuna karatasi ya kuwakatalia. Maofisa wa Abbott ikawabidi wakubali hata Biblia za familia, zile zenye ukurasa wa mbele wa kuandika nani kazaliwa lini, kama ushahidi. Unaona? Daftari lile lile. Mtoto asiyeandikwa popote ni kama msichana wa Dearborn: yeyote anaweza kumchukua. Juni 1918 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaifuta sheria nzima.

Akarudi Illinois kuongoza tume mpya ya jimbo ya wahamiaji. Kwa mara ya kwanza kazi ya Ligi ilikuwa inafanywa na serikali, kwa pesa ya serikali, jambo alilokuwa akilidai tangu mwanzo. Kisha ukaja mwaka 1921. Gavana mpya akakataa bajeti ya tume, ikafa. Mwezi Mei bunge la taifa likapitisha sheria ya kwanza ya viwango, kila nchi iwekewe idadi ya wahamiaji wake, na sheria kali zaidi ya 1924 ilikuwa njiani. Agosti mwaka huo huo Abbott akateuliwa mkuu wa Children's Bureau, ofisi ya taifa ya watoto, akaishika mpaka 1934.

Wapo wanaosema hapo aliwatupa wahamiaji. Sikubali, ingawa naelewa kwa nini inaonekana hivyo. Novemba 1921 ilipita sheria ya Sheppard-Towner ya kuwasaidia wajawazito na watoto wachanga, na yeye ndiye aliyeiendesha. Wauguzi walitumwa nyumba kwa nyumba, kliniki zikafunguliwa hata vijijini, majimbo yakasukumwa kuandikisha vizazi. Mwaka 1915 eneo la uandikishaji wa vizazi lilikuwa na majimbo kumi tu pamoja na mji mkuu. Kufikia 1933 yalikuwa majimbo yote 48. Mgeni wa mashambani Poland aliyejifungulia chumba cha uani huko Chicago, ambaye Ligi ingemtafuta kwa bahati, sasa mwanawe alikuwa na karatasi. Siasa zilipomfungia mlango wa wahamiaji, Abbott aliingia kwa mlango wa uzazi, akawakuta watu wale wale ndani.

Sheria ile nayo ikaachwa ife mwaka 1929, madaktari wa chama chao cha taifa wakiwa mstari wa mbele kuipinga. Aliwahi kushiriki baadaye katika matayarisho ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935. Alifariki mwaka 1939.

Kuna doa ambalo sitalifuta. Ligi iliongozwa na maprofesa, majaji na mabibi wa Hull House. Wanawake wale waliojua Kipolandi na Kilithuania, waliopanda ngazi za mbao kutafuta wasichana, ndio waliojua kila kitu, na historia imewahifadhi kama watembeleaji wa majumbani, mara nyingi bila majina. Abbott aliwasemea wahamiaji kwa ufasaha mkubwa, lakini alisema yeye. Katika hilo mambo yamesogea, japo kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2009 ofisi ya taifa ya kuwapatia wakimbizi makazi ilipewa Eskinder Negash, aliyewahi kuikimbia Ethiopia, na baadaye akaja kuongoza moja ya mashirika makubwa ya kazi hiyo. Ukishuka chini ya ghorofa ya wakurugenzi, hata hivyo, utawakuta wenye lugha wangali kwenye usukani wa gari la ofisi, wakibeba godoro.

Tatizo kubwa zaidi la leo si nani amekaa kwenye kiti. Ni kile ambacho kiti hicho kinalipiwa.

Mfumo wa sasa wa Marekani umejengwa juu ya sheria ya wakimbizi ambayo rais Carter aliitia sahihi Machi 1980. Kila mwaka rais hutangaza idadi ya juu ya wakimbizi watakaopokelewa, nayo mashirika yamekuwa yakilipwa na serikali kwa kila kichwa kinachowasili. Mwaka 2010 malipo hayo yalipandishwa kutoka dola 900 hadi 1,800, sehemu kubwa ya mkimbizi mwenyewe na inayobaki ya shirika. Ukilipwa kwa kichwa kinachofika, mshahara wa msimamizi wa kesi na kodi ya ofisi vinategemea namba iliyotoka Washington. Mwaka wa fedha 2016 walifika wakimbizi 84,994, Wakongo wakiwa kundi kubwa kuliko wote. Mwaka 2020 wakafika 11,814. Katikati hapo ofisi zilifungwa miji mingi, na watu waliojua Kiswahili, Kinyarwanda na Kibembe wakaenda kuendesha Uber. Mwaka 2024 wakafika 100,034, Wakongo tena wakiongoza, na ofisi zile zile zikaanza kutafuta wafanyakazi kama vile hazikuwahi kuwa nao. Januari 2025 mpango wote ukasimamishwa, watu wenye tiketi mkononi wakarudishwa njiani. Kiwango cha mwaka wa fedha 2026 kilitangazwa kuwa 7,500, na kipaumbele wakapewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Kiongozi aliyekulia ndani ya mfumo huu anajifunza nini? Anajifunza kufungua ofisi haraka na kuifunga kwa heshima. Anajifunza kuongea na wafadhili. Anakuwa hodari wa kupanda na kushuka kwa mawimbi, na sisemi hilo ni jambo dogo. Wapo niliowaona wakitoa machozi siku ya kupunguza watu. Ila hakuna anayemlipa amtafute aliyekwisha kufika. Kichwa kikishaingia kinalipiwa, kikipotea hakimgharimu mtu.

Na watu huhama, tena sana. Wasomali walipoanza kumiminika Lewiston, mji baridi wa viwanda vilivyokufa katika jimbo la Maine, mwaka 2001, hakuna shirika lililowapeleka. Walikuwa wamepangiwa miji mingine, wakatazama, hawakupenda, wakapigiana simu. Oktoba 2002 meya wa mji akaandika barua ya wazi kuwaomba wapunguze kuja, na Marekani nzima ikaisikia Lewiston. Baadaye wakafuata Wabantu wa Kisomali, ambao Marekani ilikubali kupokea wapatao 12,000 kupitia kambi ya Kakuma kuanzia 2003. Kati yao wamo Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Handeni na Pangani, na mpaka leo kuna wazee kule Marekani wanaozungumza Kizigua kwenye theluji. Kwa vitabu vya miji walikofikia kwanza, hao wote walikuwa kesi zilizofungwa. Waliowapokea Lewiston walianza upya bila daftari.

Nitawapa haki yao viongozi wa sasa kwa jambo moja. Februari 2025 mashirika matatu, HIAS, Church World Service na Lutheran Community Services Northwest, yaliungana na wakimbizi wenyewe kuishtaki serikali ya Marekani mjini Seattle kwa kusimamisha mpango. Jaji wa wilaya alizuia amri hiyo ya rais. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Kumshtaki anayekulipa si kazi nyepesi, na hilo Abbott angelitambua mara moja. Lakini kesi ile inahusu kufika na huduma za mwanzo. Kwa yule ambaye siku zake 90 zimeisha, sijaona shirika likisimama mbele ya hakimu.

Yule dereva niliyemtaja mwanzo nilimfuata siku moja kwenye maegesho, nikamweleza habari za binti. Hakushangaa. Akafungua kisanduku cha mbele cha gari, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 200 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake alikuwa na majina ya kila familia aliyowahi kuipokea uwanja wa ndege, mtu kwa mtu hadi watoto, kwa mwandiko wa kubana karatasi. Pembeni ya majina aliandika anayoyasikia: kahamia Iowa. Kaolewa. Yuko kwa mjomba, Texas. Simu haiingii. Alisema Jumapili baada ya ibada hukaa na daftari lile akapiga simu mbili tatu, kwa salio lake, na mkewe humwambia anapoteza muda.

"Ofisini wanajua?" nikamuuliza.

"Wajue nini, kaka? Hili si la ofisi."

Mstari wa yule binti ulikuwa na namba tatu. Mbili zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Akaipiga ya tatu tukiwa tumesimama pale pale, ikaita kwa muda mrefu, kisha sauti ya usingizi ya mtu aliyetoka zamu ya usiku ikasema haloo.